Dole Gumba Kwenye Rupia ya Baba

Mlioniandikia kuniuliza kama nilipoandika safu hii wiki iliyopita nilikuwa nimekunywa, jibu ni hapana. Ningekuwa nimekunywa ningelala vizuri.

Kwa anayeanza kusoma leo, nimweleze upesi. Naitwa Victoire, nakaa Kimanga hapa Uvira, kando ya ziwa, pamoja na mama yangu, Marie-Jeanne. Kazi yangu ni kutazama sarafu za zamani kwa lupe, kile kioo kidogo cha kukuzia, na kuzipa daraja kwa niaba ya mnunuzi mmoja wa Bujumbura. Jumatatu papa Gaspard, muuza mawese anayetaka kumuoa mama, aliweka rupia moja ya Wajerumani mezani kwangu. Aliniomba nimwambie kama ni madini ya fedha kweli, argent kama tunavyoiita hapa, akaondoka. Niliitambua kabla hajatoa mkono wake. Ni rupia niliyomzika nayo baba.

Sasa mnajua kwa nini silali.

Na huko kumzika baba nako kunataka maelezo. Baba yangu, Cyprien, alikuwa fundi wa motere za boti pale bandari ya Kalundu. Miaka minane iliyopita alipanda boti ya kwenda Baraka, boti ikapinduka, na ziwa halikuturudishia hata kiatu chake. Tulingoja. Halafu wazee wa ukoo wakasema imetosha: ukatwe mgomba, uvikwe nguo zake, uzikwe kwa heshima kama mwenyewe. Padri alikuja kubariki, akafanya kama haoni jani lililochungulia kwenye kola.

Rupia ile baba aliirithi kwa bibi yake. Alitembea nayo mfukoni siku zote, ila safari ile aliiacha juu ya meza. Wazee wakasema izikwe naye, asije akarudi kuitafuta. Asubuhi ya mazishi mama aliisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa, kwa kuwa marehemu hapewi kitu kichafu. Nikaishika kwa kitambaa, nikaitia katika mfuko wa shati lililovikwa mgomba. Mama akainama kufunga kifungo cha mfuko. Tukafukia.

Na sasa iko mezani kwangu, kando ya kikombe cha chai.

Msiniambie rupia zinafanana. Ya baba ina kidonda pembeni ya namba moja, pale bibi alipotaka kuitoboa kwa msumari aivae shingoni, akachoka kabla haijatoboka. Nimekishika kidonda kile kwa kucha tangu sijaanza shule.

Tangu Jumatatu nyumba yetu inanuka petroli. Baba alinuka petroli hata siku ya Pasaka. Nikafunga madirisha, nikasema ni pikipiki zinazopita barabarani. Harufu ikabaki ndani.

Nilijitafutia la kunituliza, nikalipata. Ziwa limepanda miaka hii, kila mtu wa hapa anajua. Limeingia kwenye nyumba za watu, na makaburi ya upande wa ufukweni nayo limeyafikia. Nikasema basi, maji yalifukua, mtu akaokota, Gaspard akainunua bila kujua. Jambo la kusikitisha, lakini linaeleweka. Nilitaka sana liwe hilo.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda parokia. Yeye ni mmoja wa wamama wanaosafisha kikombe cha misa, na hukishika kwa kitambaa cheupe, kamwe si kwa mkono. Utotoni nilipigwa vidole kila nilipogusa kitu kinachong'aa. “Kidole inakulaka argent,” ndiyo sala yake ya pili. Nadhani hata kazi yangu niliianzia hapo.

Nilipobaki peke yangu niliwasha taa, nikaifunua rupia.

Sarafu haitazamwi kama picha ya harusi. Unaishika ukingoni, unaileta chini ya taa, unaiinamisha polepole mpaka mwanga uteleze juu yake. Rangi ya uzee ndiyo inayosema imeishi wapi. Iliyolala ardhini hutoka na mabaka, na udongo hujificha ndani ya herufi hata uioshe vipi. Iliyolala kitambaani, ndani ya sanduku, hubadilika taratibu: bluu ukingoni, zambarau, halafu dhahabu ikikaribia katikati.

Hii ilikuwa na bluu, zambarau na dhahabu.

Nilitafuta udongo. Nilitafuta kwenye mabawa ya yule ndege anayekaa juu ya kofia ya mfalme wa Wajerumani. Nilitafuta ndani ya kila herufi ya jina lake. Sikupata hata chembe.

Chini ya ile rangi kulikuwa na mikwaruzo myembamba kuliko unywele, imekwenda kwa duara, duara juu ya duara. Hayo ni majivu. Huo ni mkono wa mama, asubuhi ya mazishi.

Kwa hiyo ilikuwa rupia yenyewe, na haikulala kaburini hata siku moja.

Nikasikia mtu anakohoa uani. Papa Gaspard hukohoa kabla ya kubisha hodi, na hubisha hodi kabla ya kuuliza kama anaweza kubisha hodi. Wiki zote hizi nimemwandika hapa kama mwizi anayemnyemelea mama, na siku hiyo nilikuwa nimejiandaa kumla nyama.

“Mwanangu, uliishaangalia ile kintu?”

“Niliishaiangalia, papa. Ikala.”

Akakaa kwenye ncha ya kiti, kama kawaida yake.

“Iko argent ya kweli?”

“Iko ya kweli. Papa, uliitoa wapi?”

Akaanza kusugua magoti. “Minye nataka kufanyisha alliance nayo. Pete mbili, ya mama yako na yangu.”

“Sikukuuliza inaenda wapi. Nakuuliza ilitoka wapi. Iko rupia ya papa yangu. Tuliizika naye.”

Mzee wa watu akaacha kusugua magoti. Alitazama mlango, akanitazama, akatazama tena mlango.

“Muliizika? Mwanangu, weye uko unanisemea nini? Mama yako njo alinipa.”

“Mama?”

“Mama yako. Aliitoa mu kitambaa, akaniwekea mu mukono. Akasema, peleka Bujumbura kwa mufundi wa pete, direct, aiyeyushe. Usimusumbue Victoire.” Akatoa leso, akajipangusa jasho. “Minye njo nikajiambia, tuko na muntu wa kujua bintu bya zamani hapa hapa nyumbani, juu ya nini nisimuulize? Kama haiko argent, ule mufundi atanicheka. Usimuambie mama yako, tafazali.”

Wasomaji wangu, nilimwamini. Mtu anayeogopa kuchekwa na sonara hawezi kumwibia marehemu. Niliona haya kwa yote niliyoandika juu yake, na natumaini dukani kwake gazeti hili hulifungia sabuni bila kulisoma.

Halafu nikakumbuka kifungo. Mama alikawia sana kwenye kifungo kile. Shangazi alitaka kumsaidia, mama akamsukuma mkono. Sote tulidhani ni uchungu wa mjane.

“Naweza na minye kuangalia?” Gaspard aliuliza. Alikuwa ameikazia macho lupe tangu aingie.

Nikampa. Alifumba jicho lisilohitajika kufumbwa, akafumbua, akajaribu lile lingine. Aligeuza rupia upande wa pili, upande wenye namba. Mimi upande ule sikuwa nimeutazama sana, kwa sababu ya kidonda. Kila nikikifikia moyo ulikuwa unanikatika.

“Kumbe kunaonekana na kidole,” akasema.

“Kidole gani?”

“Hapa, pembeni ya moja. Muntu aliishika.”

Nikamnyang'anya. Adabu sikuikumbuka.

Lilikuwa dole gumba zima. Jasho la yule aliyeishika lilikuwa limekula ndani ya fedha, mstari kwa mstari, kisha rangi ya miaka ikafunika juu. Ukiitazama wima huoni kitu. Ukiiinamisha kidogo, linajitokeza. Na katikati ya dole mistari ilikuwa imekatika. Kovu lilipita mshazari, likafika mahali likagawanyika mara mbili.

Kamba ya kuwashia motere iliwahi kumpasua baba dole gumba la kulia. Nilikuwa msichana wa shule, mimi ndiye niliyemshikia beseni la maji ya chumvi. Liliposhikana liliacha kovu lenye njia mbili.

“Iko kidole ya nani?” Gaspard aliuliza.

“Yangu,” nikasema. “Nilikuwa na mafuta mu mikono.”

Alinihurumia, akasema inatokea. Aliposimama alitabasamu kwa mara ya kwanza. “Kesho njo tangazo ya mwisho ya ndoa. Padiri atasoma majina yetu mbele ya batu bote.”

Nilimwomba aniachie rupia mpaka jioni. Akaniachia. Nikamsikia akimsalimia kila mtu njiani mpaka sauti ikapotea.

Sasa nifuateni polepole, maana mimi mwenyewe nililipitia jambo hili mara nyingi nikitafuta kosa.

Dole lilikuwa juu ya mikwaruzo ya majivu. Lingekuwapo kabla, majivu yangelikwaruza. Hayakulikwaruza. Na lilikuwa chini ya rangi. Fedha iliyosuguliwa ikawa tupu haikai muda mrefu hapa ziwani bila kuanza kubadilika, na dole hili liliikuta ikiwa bado nyeupe. Kwanza majivu, halafu kidole, halafu miaka.

Yaani baba aliishika rupia ile baada ya sisi kumzika. Pengine kabla kahawa ya matanga haijapoa.

Niliiweka rupia mezani. Nilimwona tena mama akiwa ameinama juu ya shati lile, nikajiona mimi nikipiga kelele kaburini mpaka wanawake wanishike. Nilimlilia mgomba. Kama alikuwa mzima, alikuwa wapi wakati ule? Alikuwa mbali kiasi gani? Je, alinisikia?

Nilitaka niwe nimekosea. Nilichukua lupe na rupia, nikaenda kupiga magoti kwenye kizingiti cha mlango wetu.

Nyumba hii aliijenga baba. Siku aliyolainisha sementi ya kizingiti alibonyeza dole gumba pembeni, karibu na mwimo ambapo miguu haifiki, akacheka. “Hii njo sinyatire yangu,” akasema, kama mtu aliyetia saini. Tangu matanga, mama aliweka kopo la maua juu yake. Siku zote nilidhani aliweka ili asilione akalia.

Nikalisogeza kopo. Nikapuliza vumbi.

Kovu lilikuwa pale, mshazari, njia mbili. Niliinama juu ya sementi, nikainama juu ya rupia, nikarudi kwenye sementi. Kabla ya kufika kwenye kovu, mstari mmoja ulikuwa umejikunja na kurudi ulikotoka. Kwenye rupia nao ulikuwa umejikunja.

Nikalia pale chini. Mtoto mwingine angefurahi kujua baba yake hakufa majini. Mimi nilimchukia, nikamtamani, nikaogopa hata kugeuka nyuma. Harufu ya petroli ilikuwa imenijaa puani.

“Unatafuta nini hapo?”

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, na mfuko wake wa vitambaa vya parokia mkononi. Alitazama kopo la maua lilipokuwa, na lilipo sasa.

“Mama, rupia ya papa iko wapi?”

“Iko pale uliiweka. Mu kaburi.”

Alisema bila kupepesa. Nikafungua kiganja.

Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka. Alionekana amechoka tu, kama siku za matanga.

“Gaspard,” akasema. “Ule muntu hajuake kunyamaza.”

“Weye njo uliitoa mu mufuko. Wakati wa kufunga kifungo.”

Akahamishia mfuko mkono wa pili.

“Angalia, mama.” Nikamnyooshea lupe.

“Sina haja ya kioo yako.”

“Iko kidole ya papa. Iko ile ile ya hapa mu sementi. Na iliingia kisha weye kuisafisha. Tulizika mugomba, na yeye alikuwa muzima.”

Aliweka mfuko wake chini. Alitazama barabarani, akavuta kitenge chake begani, akaongea chini chini.

“Kesho padiri atasoma jina yangu mara ya mwisho. Atauliza kama kuko muntu wa kujua kizuizi. Weye utasema nini?”

Swali hilo nilikuwa nalikimbia tangu Gaspard aondoke. Nikinyamaza, mama ataapa altareni mume wake wa kwanza akiwa hai, yeye ambaye hata kikombe cha misa hakigusi kwa mkono. Nikisema, nitamvua nguo mbele ya parokia nzima, na yule mzee wa mawese atakuwa amekaa mstari wa mbele.

“Sijui, mama.”

“Basi leta hapa.”

Aliichukua rupia kiganjani mwangu kwa ncha ya kitenge, bila kuigusa. Akazunguka nyumba kwenda jikoni. Nilipomfuata alikuwa amekwisha kuchota majivu kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na kukata limau.

“Mama, usiisafishe.”

Akakamua limau.

“Mama, ukiisafisha rangi itaenda. Hakuna tena alama.”

“Njo bile nataka.”

Akaanza kusugua. Duara, duara juu ya duara, kama asubuhi ile. Bluu ikatoka, zambarau ikatoka, maji meusi yakamchuruzika mkononi mpaka kwenye kiwiko. Miaka minane ilitoka kwa limau moja.

Ningeweza kumshika mkono. Yeye ni mdogo, mimi nina nguvu. Sikumshika. Niwaambie ukweli, kuna sehemu yangu iliyotaka dole lile lifutike, mama aolewe na mtu wake anayekohoa uani, na sisi tulale. Nilisimama nikitazama, na moyoni nilikuwa nikimhimiza.

Alisuuza rupia, akaipangusa kwa kitambaa, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Ilikuwa nyeupe, inang'aa kama siku ya mazishi.

Na dole lilikuwa pale pale. Lilikuwa limekula ndani kuliko majivu yanavyoweza kufika. Tena sasa rangi haikulificha. Halikuhitaji lupe wala taa. Lilikaa pembeni ya namba moja, na kovu lake la njia mbili, likitutazama.

Mama aliikodolea macho. Kitambaa kikamdondoka. Alipoongea hakuongea na mimi.

“Nilimuambiaka asiishike na mukono mutupu.”

Niliisikia sauti yangu ikitoka mbali. “Ulimuambiaka nani, mama?”

Aliokota kitambaa, akakikunja mara mbili, kwa utaratibu wa parokia.

“Funga mulango kwanza,” akasema.

Nikaenda kufunga. Jiko letu ni dogo, ilinibidi nipite kifuani kwake, na hapo ndipo nilipojua harufu ya petroli inatoka wapi. Ilitoka kwenye kitenge chake, mbichi, upande wa bega, pale mkono wa anayekumbatia unapokaa.

Mama hapandi pikipiki. Parokia anakwenda kwa miguu.